Depo (stoo) imejaa na tunahama kabla ya mvua: kipi kigawiwe, kipi kiuzwe, kipi kitupwe? (Lubumbashi)

Mama Bel-Air (aliyeuliza)

Jambo yenu wote. Tunatoka nyumba ya vyumba vinne hapa Kampemba na kuingia ya viwili. Lupango (kiwanja chenye nyumba) tunaiachia mwisho wa mwezi wa tisa, kabla mvua haijaanza. Depo imejaa mpaka mlango unafunguka nusu tu. Humo kuna frigo inayonguruma bila kugandisha, televizheni mbili za zamani zenye mgongo, batri mbili za inverta za ampea 100, magunia matano ya nguo na viatu, matela (magodoro) ya watoto, vitabu na madaftari ya shule, cherehani ya miguu, masufuria yaliyotoboka, bidoni (madumu) kama ishirini (nyingine zilikuwa za rangi, nyingine hatujui zilibeba nini), kreti za vidanje (chupa tupu za bia), sanduku la nyaya na simu zilizokufa, ampuli (balbu) za zamani, na mfuko wa dawa zilizopita tarehe.

Vijana wa nyumbani wanataka kuchimba shimo nyuma ya choo, wamwage mafuta ya taa na kuchoma chochote kisichouzika. Ninavyotaka mimi, chenye kazi kipate mtu, cha kuyeyushwa kiyeyushwe, na cha kutupa kibaki kidogo. Nianzie wapi? Na ni kipi nisimpe mtu hata akiniomba kwa magoti?

Tonton Ruashi

Mama, shimo liache kabisa. Matela ya sponji ikichomwa inatoa moshi wenye sumu kali, nyaya za plastiki vilevile, na simu yenye batri ndani inalipuka. Jivu lake linabaki chini, na mvua ya mwezi wa kumi na moja italishusha kwenye kisima cha jirani. Kampemba watu wengi wanakunywa maji ya visima na foraje (visima virefu vya mashine).

Kuhusu pa kuanzia: usianze na nguo. Kila mtu anaanza na nguo kwa sababu ni rahisi, halafu siku tatu zinaishia kwenye kukumbuka nani alivaa nini. Anza na vitu visivyo vyenu. Katika depo ya Lubumbashi hazikosekani sanduku la shemeji aliyeenda Kolwezi na kiti cha jirani aliyehama. Wapigie simu, taja tarehe, na ujumbe wa kuthibitisha uandike ili ubaki. Vitu vya marehemu navyo visitoke mlangoni kabla wenye haki kwenye familia hawajavitazama, hata kama ni koti lililoliwa na nondo. Koti hilo linaweza kuleta kikao cha familia kirefu kuliko matanga yenyewe.

Baada ya hapo toa kila kitu nje, ukipange kwa kufuata mtu atakayekichukua, si aina ya kitu. Fungu la shule, fungu la fundi, fungu la mnunuzi wa mitraye (vyuma chakavu), fungu la parokia. Kila fungu lipate jina la mchukuaji na siku yake kwenye kipande cha kartoni. Lisilo na jina baada ya wiki moja ni takataka, na afadhali ulijue mapema. Panga juu ya matofali au mbao, usiweke kartoni chini kwenye udongo. Mchwa wa huku anahitaji usiku mmoja au miwili tu kuingia kwenye vitabu kwa chini, nawe juu unaona kartoni nzima.

Kabla ya kupeleka kitu kwenye nyumba ya yatima au Caritas ya parokia, piga simu uulize wanakosa nini. Mara nyingi nguo wanazo tele, wanakosa mashuka, sahani, ndoo zenye kifuniko na viatu vya shule. Andika orodha nakala mbili, moja wasaini ubaki nayo. Si kwamba huwaamini. Orodha inamlinda hata anayepokea, asije akaulizwa kesho kitu ambacho hakukipokea.

Na kijana au dada anayewafanyia kazi nyumbani, mpe anachokitaka akiwa wa kwanza kuchagua, lakini mshahara wake wa mwezi uko palepale. Matela kuukuu haiwi malipo.

Kreti ni pesa, zisitupwe. Vidanje za Simba na Tembo zinarudi depo ya bia, mradi mdomo haukumeguka. Chupa iliyowahi kutiwa mafuta ya taa au oili usiirudishe hata ukiiosha, itakwenda kujazwa kinywaji.

Fundi Katuba

Nachukua vya umeme.

Frigo. Inaponguruma bila kugandisha, sababu ni nyingi, na baadhi yake ni za bei ndogo. Funga mlango ukiwa umebana noti kati ya mpira na bodi, halafu ivute. Ikitoka bila kukaza, mpira umelegea na baridi inapita hapo. Kitambaa cha maji ya moto kikipitishwa kwenye mpira kinaulainisha, mara nyingi unarudi kwenye umbo lake. Tazama wavu wa nyuma: ukiwa umevaa vumbi kama blanketi, piga brashi, acha nafasi ya kiganja kati yake na ukuta. Kisha sikiliza kompresa. Ikigonga "tak", ikanyamaza, ikagonga tena baada ya dakika chache, ni rele yake (swichi ya kuianzisha) au umeme ni mdogo. Pima prizi saa ya jioni: ikionyesha volti 180 mahali pa 220, kompresa haina kosa, haipati nguvu ya kuanza. Lakini ikizunguka mfululizo, yenyewe moto, wavu wa nyuma baridi, basi gesi imetoka. Hapo usikubali kujaziwa gesi kabla tundu halijapatikana na kuzibwa, utalipa leo na mwezi ujao utalipa tena.

Soma kibandiko karibu na kompresa. R12 ni gesi ya zamani inayoharibu tabaka la ozoni, ile iliyopigwa marufuku na Mkataba wa Montreal wa 1987. R600a inawaka moto, fundi asiweke tochi ya kuchomelea kwenye bomba ambalo bado lina gesi. Kwa hiyo vijana wa mitraye wasikate bomba uani ili wabebe kompresa peke yake, japo ndiyo desturi. Iuze au igawe ikiwa nzima kwa fundi wa baridi, atavuna rele, temostati, rafu na mota.

Bodi la frigo iliyokufa ni ghala zuri la unga wa bukari (ugali): panya haingii, mchwa haingii. Ila ng'oa kitasa kinachojifunga, ufunge kwa kamba ya nje. Ikikaa uani hata siku moja ikisubiri mkokoteni, toa mlango wote. Mtoto akijificha ndani na mlango ukajifunga, hewa inaisha haraka na sauti yake haisikiki nje.

Televizheni zenye mgongo usimruhusu mtu azivunje kutafuta shaba. Kioo chake kina madini ya risasi, ndani hakuna hewa kwa hiyo kikipasuka kinarusha vipande, na waya mnene mwekundu unaoingia kwenye kioo unaweza kukaa na umeme mkali muda mrefu baada ya kuchomolewa. Ikiwa bado inaonyesha picha, kuna mafundi wanaozitafuta kwa vipuri. Ikiwa imekufa, mpe fundi huyohuyo nzima, bure.

Batri. Zichaji mpaka zijae, zipumzike usiku kucha bila mzigo, kisha pima. Volti 12.6 na zaidi, bado ina maisha, mpe mtu wa taa ndogo za jua. Chini ya 10.5, seli moja imekufa kati ya sita, na hakuna maji wala asidi mpya itakayoifufua. Kosa la kawaida ni kumwaga asidi kwenye mtaro ili batri iwe nyepesi kubeba. Asidi hiyo imeshachanganyika na risasi. Ibebe imesimama wima, vichwa vyake vikiwa vimefunikwa kwa mpira au utepe visigusane na chuma, uirudishe kwa muuza batri anayepunguza bei ya mpya ukimletea ya zamani. Anayeyeyusha risasi kwenye mbabula (jiko la mkaa) nyuma ya nyumba usimuuzie hata akiongeza bei. Vumbi lake linaingia kwa watoto wa lupango nzima na kudhuru akili zao. Asidi ikimwagika, nyunyizia jivu la kuni kwa wingi mpaka povu liishe, ndipo uzoe.

Nyaya: usichome ili kupata shaba. Mbali na moshi, shaba iliyoungua inakuwa nyeusi na mnunuzi anaishusha daraja. Chana ganda kwa kisu kwa urefu. Nyaya zenye plagi ziache na plagi zake. Mji huu umeibiwa nyaya za SNEL (shirika la umeme) mno, na mtu anayetembea na furushi la shaba tupu lazima aulizwe maswali. Waya wenye plagi ya pasi unajieleza wenyewe.

Simu: toa SIM na kadi ya kumbukumbu. Inayowaka, ondoa kwanza akaunti ya Google kwenye mipangilio, ndipo ufute yote. Ukifuta kabla ya kuondoa akaunti, atakayepewa ataombwa nenosiri lako na simu itakuwa tofali. Batri iliyovimba usiitoboe wala usiibonyeze. Itie kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, ikae nje ya nyumba mpaka umpate fundi wa simu wa kuichukua.

Mama Cherehani

Mama Bel-Air, cherehani ya miguu ndiyo kitu cha maana kuliko vyote ulivyotaja, isikuponyoke kwa bei ya chuma. Kabla ya kuitoa, kagua vitu vitatu: mkanda wa ngozi (ukipasuka unabadilishwa), sindano, na kile kisanduku kidogo cha kushika kaneti (kigurudumu cha uzi wa chini). Bila kisanduku hicho mashine haishoni hata mshono mmoja, na ndicho kinachopotea kila mara kwa sababu watoto wanakichezea. Tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila tundu la juu, zungusha gurudumu kwa mkono, kisha shona kipande cha kitambaa na ukiache chini ya mguu wa mashine. Atakayepokea ataona kwamba inashona. Kituo kinachofundisha wasichana ushonaji kitaifurahia kuliko mtu binafsi, maana wanafunzi wanazidi mashine.

Nguo: mafungu matatu. Fungu la kuvaliwa ni lile unaloweza kumpa dada yako bila kujieleza. Fungu la pili, pamba iliyochakaa, inakatwa vipande vya kama sentimita 40 kwa 40. Gereji na mafundi wa rangi wanavipokea, ila ukate kwanza vifungo na zipu (uziweke, fundi nguo atazitaka). Nailoni na poliesta hazifyonzi vizuri kama pamba, usiwapelekee. Fungu la tatu, vipande vidogo, vinajaza mito ya kukalia.

Zinazogawiwa zioshwe, zikauke kabisa, zipigwe pasi mpaka kwenye mishono na mikanda ya kiuno, hasa za watoto wachanga. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini kwenye majani, na funza wake anaingia kwenye ngozi ya mtoto na kufanya jipu. Joto la pasi linaua mayai hayo. Viatu vifungwe jozi kwa kamba zake; kiatu kimoja kikipotea safarini hata kilichobaki hakina kazi. Andika juu ya kila mfuko: "mvulana miaka 4 hadi 6", "mwanamke, kubwa". Mfuko usioandikwa unamwagwa sakafuni, mwenye nguvu anachagua.

Masweta na mablanketi hayana haraka. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba imepita, anayepokea sasa anaweza kuyauza ili apate chakula. Si kosa, lakini kama lengo lako ni watoto wapate joto, yakunje na majani makavu ya mwarobaini uyatoe mwezi wa tano.

Matela: igeuze, fungua mshono wa pembeni, tazama kwa tochi. Vidoti vyeusi kama wino wa kalamu ni kinyesi cha kunguni. Ukiviona, matela haitoki kwenda kwa mtu. Jua haliwezi kuwaua wote, kwa sababu joto linalowaua, la karibu nyuzi 50, halifiki katikati ya sponji nene. Kama ni safi na sponji ikibonyezwa inarudi, fundi viti ataikata mito. Kama ni ya njano na inamong'onyoka kama mkate mkavu, hata fundi viti hana la kufanya nayo.

Mama Bel-Air

Aksanti sana. Cherehani nimeitoa kwenye fungu la chuma leo hii hii. Naomba mniambie bidoni, masufuria na makaratasi. Madaftari ni mengi, na muuza karanga wa barabarani ameshayaomba yote.

Mjomba wa Kenya (mtaa, si nchi)

Bidoni: zilizobeba mafuta ya kula, tia maji ya moto, sabuni na konzi mbili za changarawe, tikisa kwa nguvu, rudia mpaka harufu iishe. Hizo ni za maji. Zile za rangi, na hasa zile msizojua, hapana. Mkoa wetu ni wa migodi. Bidoni na mapipa ya bluu yaliyobeba asidi au dawa za kuchujia madini yanazunguka sokoni yameoshwa yakang'aa, na plastiki inanyonya kilichokaa ndani yake kisha inakirudisha kidogo kidogo. Kunusa hakutoshi. Kuziweka karibu na taka pia hakutoshi, maana mtu atapita aziokote akatekee maji. Zitoboe chini kwa msumari wa moto mara tano au sita kabla hazijatoka nyumbani. Hata kupandia mboga usizitumie, labda maua.

Bidoni safi ya lita 5 inafaa kunawia mikono karibu na choo: tundu dogo la msumari mbele, karibu na shingo, bidoni ining'inie kwenye fimbo kupitia mshikio, kamba itoke shingoni ishuke mpaka kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga inainama na kutoa maji membamba. Tundu likizidi upana wa njiti ya kiberiti, maji yanaisha kabla ya saa sita.

Masufuria ya alumini yana wanunuzi wengi, wanayayeyusha na kumimina mapya kwenye mchanga. Pitisha sumaku: inayoshika ni chuma, iende fungu lingine la bei ya chini. Ng'oa mishikio ya plastiki na misumari ya chuma ili mizani isikukate.

Fundi Katuba

Mjomba, ongeza hapo: usichanganye alumini ya jikoni na rejeta za magari au vipande vyenye rangi na solda. Sufuria iliyomiminwa kutoka mchanganyiko huo inaweza kuachia risasi kwenye chakula, zaidi kwenye vyakula vichachu kama nyanya. Mwenye kuuza ndiye anayeweza kulizuia hilo, kwa kupeleka masufuria peke yake.

Mjomba wa Kenya

Kweli kabisa. Kwa upande wa karatasi, muuza karanga mpe, lakini si zote. Risiti za benki, karatasi za hospitali, nakala za hati ya lupango, vitambulisho, bulteni (ripoti za shule) za watoto: toa kabla. Pale barabarani mtu ananunua karanga za faranga kidogo anapewa pamoja nazo matokeo ya maabara ya jirani yake, jina na umri juu. Zile msizozihitaji tena na daftari zilizojaa zitengenezee briketi: chana vipande, loweka siku mbili, twanga kwenye kinu mpaka iwe uji mzito. Chekecha vumbi la makala (mkaa), changanya kopo moja la uji kwa makopo matatu au manne ya vumbi, kamua kwa nguvu ndani ya kopo lililotobolewa pembeni, anika juani siku tano hivi. Karatasi ikizidi, briketi inafuka moshi. Ikipungua, inavunjika mkononi. Karatasi za magazeti yanayong'aa hazishikani. Fanya sasa wakati hewa ni kavu, mvua ikianza hazitakauka. Ziweke juu ya makala yaliyokwisha kushika, hazianzi zenyewe.

Kurasa tupu za mwisho za madaftari zing'oe, ukizishona pamoja unapata daftari za hesabu. Vitabu vya shule mwonyeshe mkurugenzi kabla ya kubeba, vya programu iliyobadilishwa hatavichukua. Kamusi na vitabu vya sarufi havizeeki, na wanafunzi wa Kasapa (chuo kikuu) watakuondolea hata meza ukiwaambia ni bure.

Famasia Kamalondo

Dawa tu, na ampuli. Zilizopita tarehe usimpe mtu, hata "ni za maumivu tu". Zisiende chooni wala mtaroni. Uliza kwanza famasia au kituo cha afya kama kinapokea. Kisipopokea, toa vidonge kwenye pakiti zake, changanya na jivu au majani ya chai yaliyotumika na maji kidogo mpaka viwe matope, tia kwenye kopo lenye kifuniko, funga kwa utepe, ndipo kopo liende na taka. Maboksi na chupa zichane na kuharibu lebo. Kuna wanaoziokota na kuzijaza upya. Sindano zisiwe humo, ziende kituo cha afya ndani ya chupa ngumu ya plastiki.

Ampuli zilizosokotwa, zile za kupunguza umeme, zina zebaki kidogo ndani. Zifunge kwenye gazeti moja moja, zikae kwenye kartoni ngumu, fungu lake peke yake. Ikipasuka chumbani, fungua madirisha, wote watoke kwa dakika kumi au kumi na tano, vipande viokotwe kwa karatasi ngumu, unga unaobaki uguswe kwa utepe wa kunata. Ufagio unatawanya ule unga. Vyote viingie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko. Zile za kizamani zenye waya ndani hazina zebaki, hizo ni kioo cha kawaida.

Mama Bel-Air

Swali la mwisho: mnunuzi wa mitraye amekuja leo anataka kuchukua yote kwa bei moja, bila kupima.

Fundi Katuba

Mama, kwa bei moja analipa chuma na kubeba shaba. Mtenganishie mbele yake: shaba, shaba nyeupe ya mabomba na vitasa, alumini, chuma. Mizani ya ndoano ijaribiwe kwanza na bidoni ya lita 20 iliyojaa maji. Inapaswa kusoma kilo 20 na kitu, kwa sababu ya uzito wa bidoni yenyewe. Ikisoma 17, mwambie arudi kesho na mizani nyingine, na usiku huu ingiza fungu la shaba ndani.